Maji ya Mgeni

Nchi yenyewe sitaitaja. Si kwa woga, msinielewe vibaya. Kwetu jina la nchi hutamkwa mtu akiwa amesimama wima, mikono ubavuni, nami ninaandika nimekaa, tena nimevaa kandambili. Itoshe kusema kwamba ni nchi nzuri, ina amani, na watu wake ni wavumilivu kiasi kwamba kupanga foleni kwetu ni somo la shule ya msingi, na lina mtihani.

Kazi yangu ni ushereheshaji wa ukaguzi. Nasikia katika nchi nyingine mkaguzi huingia mahali ghafla, bila ngoma wala maua, akaanza kuchungulia makabati ya watu. Huo ni utovu wa adabu. Kwetu ukaguzi ni shughuli. Hutangazwa mapema, watu wakapaka rangi, wakakodi turubai na viti, na siku ikifika mimi hushika kipaza sauti nikamkaribisha mkaguzi kwa vyeo vyake vyote, kuanzia kikubwa hadi kile cha uenyekiti wa kamati ya harusi ya shemeji yake. Nimeifanya kazi hii tangu ujanani, na sijawahi kuona mahali pakikutwa na kosa. Nchi ngapi zinaweza kusema hivyo?

*

Jengo ninalotaka kuwasimulia linaitwa Ukumbi wa Uhakiki wa Uhai. Serikali yetu inawajali sana wastaafu, lakini iligundua kwamba baadhi yao wana tabia ya kufa kimyakimya bila kutoa taarifa. Ikaamuliwa kila mstaafu afike ukumbini kila mwezi yeye mwenyewe, akae, apumue mbele ya afisa, na afisa akiridhika na pumzi zake amgongee muhuri kwamba yu hai. Asiyefika huhesabiwa amekufa, hata kama amemtuma mjukuu kueleza kwamba anaumwa mgongo tu.

Kukaa kwenyewe si kwa haraka. Mzee huingia asubuhi na kutoka alasiri, kwa sababu afisa mwenye muhuri ni mmoja, na muhuri una saa zake za chai.

Ili wazee wasichoke, ukumbi uliwekewa ukungu. Mlezi wa Taifa, ndiye kiongozi wetu mkuu, alikuwa ziarani nchi za mbali, akapita kwenye ukumbi wa hoteli ambako vitundu vya darini vilikuwa vikipuliza ukungu wa maji, laini na baridi, akaupenda. Aliporudi akaagiza nasi tuwe na wetu. Mabomba yakatandazwa darini, tangi kubwa jeusi likapandishwa juu ya paa, katikati ya jua, Mlezi akaja akakata utepe. Kipande cha utepe ule kimebaki kwenye mfuniko wa tangi hadi leo, na hakuna fundi aliye tayari kuonekana akikisogeza. Kwa hiyo mfuniko haujafunuliwa tangu uzinduzi, na tangi halijaoshwa. Maji ya humo ni vuguvugu kama ya kumwogeshea mtoto mchanga, na ukungu wake una harufu ya gunia lililolowa. Wazee walikiri kwamba ni harufu ya maendeleo. Mimi ndiye niliyewauliza, kwa kipaza sauti, Waziri akiwa ameketi nyuma yangu.

*

Kisha ikaja homa ya foleni, kama watu walivyoiita. Mzee alihakikiwa, akarudi nyumbani salama, na baada ya wiki hivi akaanza kutetemeka, kukohoa, kubanwa kifua, mpaka pumzi ikawa ya kuomba. Wengine walipona. Wengi tuliwazika wakiwa na muhuri mbichi wa kuwa hai.

Wizara ya Hewa za Ndani haikukaa kimya. Ilifafanua kwamba homa hiyo husababishwa na kukosa subira, ikawashauri wazee wasikae ukumbini wakiwa na haraka.

Mmoja wa waliokuwa wakikaa pale ni shangazi yangu, Melania, aliyenilea tangu mama yangu alipofariki. Shangazi alikuwa mkunga. Nusu ya mji huu imepita mikononi mwake. Mheshimiwa Bonaventura Chilumba, Waziri wetu wa Hewa za Ndani, alizaliwa mikononi mwake. Bi. Mwanamvua Kitogo, mkurugenzi wa ukumbi, vilevile, na mpaka uzeeni Shangazi alikuwa akisimulia jinsi Mwanamvua alivyotanguliza miguu. Sasa watoto wale wale aliowakaribisha duniani ndio waliomtaka aje kila mwezi kuthibitisha kwamba bado yumo duniani. Yeye hakuona ubaya. Alivaa khanga safi, akabeba mkoba wake na mhogo wa kuchemsha, akaenda.

Jioni moja aliporudi aliniita.

"Anselmi mwanangu, ule ukungu wenu unaua watu."

Nikamwambia Wizara imeshafafanua.

"Benchi letu tulikuwa tunabanana mpaka mtu anakaa upande," akasema. "Siku hizi naweka mkoba pembeni, naweka na mhogo, na nafasi inabaki. Wewe una kipaza sauti. Waambie wauzime kabla zamu yangu haijafika."

Nilimwahidi nitaangalia utaratibu. Niliogopa, lazima niseme, maana nilikuwa nimeshaanza kuyazoea majina ya watu wa benchi lile kwa kuyasoma misibani. Na Shangazi ndiye mtu pekee niliyebaki naye.

*

Wakati huo hospitali ya mkoa ilikuwa na kijana mmoja, Daktari Lutengano, mwenye tabia ya kuuliza wagonjwa walikuwa wapi kabla ya kuugua. Tabia hiyo ilimletea matatizo. Aligundua kwamba wagonjwa wote wa homa ya foleni walikuwa wamekaa katika ukumbi mmoja.

Akaitwa mbele ya Waziri, nami nilikuwepo kwa ajili ya kutambulisha waliohudhuria. Alieleza kwa upole kwamba kuna bakteria anaitwa legionela, anayependa maji ya vuguvugu yaliyotuama kwenye matangi na mabomba. Kuyanywa maji hayo si shida kubwa, alisema, shida ni yakipulizwa yakawa ukungu, maana mtu huvuta ukungu ule hadi mapafuni, na mapafu ya mzee hayana nguvu ya kupigana. Mgonjwa hamwambukizi mwenzake. Chanzo ni maji. Akaomba mambo mawili: ukungu uzimwe, na maji ya ukumbi yapimwe.

Waziri alimsikiliza hadi mwisho, jambo ambalo baadaye lilitajwa katika wasifu wake. Akajibu kwamba ukungu hauwezi kuzimwa kwa sababu umeshachorwa kwenye stempu za posta. Ama kuhusu kupima, Serikali haina cha kuficha. Wapime ukumbi, wapime na kila mahali pa umma penye paa.

Nilifurahi sana. Nilimwendea Shangazi siku hiyo hiyo nikamwambia maji yatapimwa, mambo yatajulikana. Akanichinjia jogoo.

*

Hapa sina budi kuwaeleza jambo moja kuhusu watu wa nchi yetu, wageni msije mkadhani tuna hila. Kwetu mgeni hapewi maji ya bomba. Hata nyumba isiyo na mlango, mgeni akibisha hodi, mtu hutoka kwa uani akaenda dukani kuleta maji ya chupa, na chupa hufunguliwa mbele ya macho ya mgeni ili asikie ule mlio wa kizibo. Maji ya bomba hunywa mwenyeji. Kumpa mgeni maji ya bomba ni kumwambia asirudi, na kuna ndoa ninazozijua zilizovunjika kwa sababu hiyo.

Siku ya kupima ilifana. Bwana Pantaleo, Mkaguzi Mkuu wa Maji ya Ndani, alishuka kwenye gari akiwa na kisanduku cha vichupa vya sampuli. Nilimkaribisha kwa vyeo vyake. Wanafunzi wakaimba. Kisha akasimama mbele ya Bi. Mwanamvua, akajikohoza, akasema amekuja kuchukua maji.

Mgeni ameomba maji! Bi. Mwanamvua alipiga makofi mawili na sinia likaja, limejaa maji ya chupa, yale ya bei, yamepoa mpaka yanatoa jasho. Vizibo vikalia kimoja kimoja. Akavijaza vile vichupa vya sampuli kwa mkono wake mwenyewe, amepiga magoti kidogo, kama inavyotakiwa. Bwana Pantaleo ni mtu aliyelelewa vizuri. Angesemaje? Kwamba hataki haya, apewe yale mnayopuliziana wenyewe? Alipokea kwa mikono miwili akashukuru.

Daktari Lutengano akasimama kutoka viti vya nyuma, akasema maji yachotwe kwenye mabomba ya darini na kwenye tangi. Turubai zima likanung'unika. Bi. Mwanamvua hakukasirika. Alimgeukia kama dada mkubwa.

"Daktari, kwenu mgeni akija mnampa maji ya bomba?"

Daktari akaketi. Naye ana mama.

Matokeo yalikuja yamepigiwa mstari. Maji ya ukumbi ni safi kabisa, yana madini, yanafaa hata kwa watoto wachanga. Upimaji ukaenea nchi nzima: bwawa la kuogelea la manispaa, maktaba, stendi, vyoo vya mahakama. Kote Bwana Pantaleo alipokewa ipasavyo. Wizara ikatangaza kwa fahari kwamba maji ya taifa letu, kutoka bwawani hadi chooni, yana ladha moja, na kwamba hiyo ni dalili ya umoja wa kitaifa. Waziri akanywa glasi moja mbele ya kamera. Mnaweza kukisia wenyewe maji yake yalitoka wapi.

*

Daktari hakuchoka. Aliomba ukumbi upimwe tena, na akakubaliwa, kwa kuwa shughuli ya kwanza watu walikula vizuri. Safari hii ukungu ulizimwa tangu asubuhi ili usilowanishe suti ya mkaguzi, na wazee wakatolewa nje wakapangwa uani, chini ya jua. Shangazi aliniambia baadaye kwamba tangu ukungu uwekwe, siku ile ndiyo pekee aliyohakikiwa bila kukohoa.

Nilipita karibu yake na kipaza sauti changu wakati masinia yanaingia. Akanishika shati.

"Hayo maji ya chupa ni ya nani?"

"Ya mgeni, Shangazi."

"Na sisi tuliokaa hapa tangu alfajiri?"

"Ninyi si wageni," nikamwambia. "Hapa ni kwenu."

Alicheka kidogo, akaniachia shati.

Matokeo yalikuwa yale yale, isipokuwa madini yalikuwa yameongezeka. Ukungu ukawashwa. Mwezi uliofuata Shangazi akaenda, akakaa, akapumua, akagongewa. Wiki iliyofuata akaanza kutetemeka.

*

Nilimpeleka hospitali mwenyewe. Daktari Lutengano alimlaza, akamwanzishia dawa, maana dawa ipo na inaponya mtu akiwahiwa. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna mtu alikuwa amelifikiria. Akachukua makohozi ya Shangazi akayapeleka maabara. Ndani ya kifua cha mtu hakuna mkurugenzi wa kukupokea wala sinia. Unachukua kilichomo.

Maabara ikamkuta legionela. Alikuwa wa kwanza kupatikana katika historia ya nchi yetu, na alipatikana kwa shangazi yangu.

Jamani, nilitembea mjini kama mtu aliyepokewa mzigo. Nilijisemea kwamba sasa imekwisha. Ukungu utazimwa, tangi litafunuliwa, Shangazi atapona atarudi kunigombeza. Niliandaa mpaka maneno ya utangulizi kwa ajili ya sherehe ya kuzima.

Waziri aliita waandishi wa habari. Nikamkaribisha. Akavaa miwani.

"Ndugu wananchi," akasema, "vipimo havidanganyi. Maji ya ukumbi yamepimwa mara mbili, ni safi. Bibi Melania amepimwa mara moja, si safi. Hata mtoto wa darasa la kwanza anaona hapa nani anamchafua nani. Wazee wetu, tunaowapenda, wamekuwa wakituletea bakteria ndani ya jengo la Serikali. Hatutawalaumu. Tutawasafisha."

Watu wakapiga makofi. Nami nilipiga, mkono mmoja ukiwa na kipaza sauti, kwa hiyo sauti ya makofi yangu ndiyo iliyosikika zaidi. Ulikuwa mtego wa mazoea, na roho iliniuma wakati huo huo.

Daktari Lutengano alisema tena kwamba mgonjwa hamwambukizi mwenzake. Akapandishwa cheo. Sasa ni mkuu wa Kitengo cha Magonjwa ya Theluji, katika wilaya ambayo hata mvua huja kwa mwaliko.

*

Aliyemrithi alikuwa mtu wa taratibu. Alipopitia wodi alikuta Shangazi hakufika kuhakikiwa mwezi ule, kwa kuwa alikuwa amelala pale pale kitandani. Asiyefika amekufa. Hospitali ya Serikali haiwezi kumpa dawa mtu aliyekufa, maana ingekuwa ubadhirifu. Aliniambia hayo kwa huruma, Shangazi akimtazama. Dawa zikasitishwa mpaka arudi kuwa hai.

Nilimwendea Bi. Mwanamvua ofisini kwake. Nilimsihi amtume afisa na muhuri wake hospitalini, ni mwendo mfupi tu. Alisikitika kweli, sitamsingizia, machozi yalimlengalenga. Lakini muhuri hautoki nje ya ukumbi. Akasema mlete, nitawaambia wamweke mbele.

Tukambeba Shangazi kwa kiti cha magurudumu. Alikuwa mwepesi kama nguo zilizoanuliwa. Wakamweka mbele kama walivyoahidi, mahali pa heshima, chini kabisa ya kitundu kikubwa. Ukungu ukamshukia usoni na kwenye khanga. Nilijaribu kumfunika na koti langu, mlinzi akasema afisa lazima aone pumzi. Tukangoja. Muhuri ulikuwa kwenye chai.

Bi. Mwanamvua alishuka kumsalimia. Shangazi akamwangalia, akatafuta hewa ya kusemea.

"Wewe ulikuja umetanguliza miguu," akasema. "Wenzangu walisema niokoe mama, mtoto niache. Nikakugeuza. Nikakupulizia mdomoni mpaka ukalia."

Bi. Mwanamvua akaangalia sakafu. "Shikamoo, bibi," akasema. "Muhuri unakuja."

Ulikuja alasiri. Shangazi alithibitishwa kuwa hai, nikamrudisha wodini mbio, dawa zikaanza upya. Alifariki keshokutwa yake. Nililia, nami kwa kazi yangu si mtu wa kulia nje ya ratiba. Nililia mpaka majirani, wakidhani ni shughuli, wakaja kuniuliza kama nina mgeni.

*

Lango la Usafi limezinduliwa juzi. Limejengwa kwenye mlango wa ukumbi, zuri, la upinde, lina vitundu pande zote hadi juu, na limeunganishwa na tangi lile lile la paani, kwa kuwa maji yake ndiyo yaliyothibitishwa. Mzee husimama katikati, akapuliziwa mpaka alowe vizuri, akavuta pumzi ndefu, ndipo aingie kuhakikiwa. Kwa kutambua mchango wake katika sayansi, Serikali imelipa jina la Shangazi. Lango la Melania, maandishi ya dhahabu.

Nami siku hizi ni mstaafu. Nimeombwa tu niendelee na kipaza sauti mpaka apatikane kijana mwenye sauti. Kwa hiyo juzi nilimkaribisha Waziri kwa vyeo vyake vyote, akakata utepe, akasifu lango, akalizunguka kwa nje. Yeye hakupita ndani. Mgeni rasmi hawezi kupuliziwa maji ya bomba. Aliketi chini ya turubai, vizibo vikaanza kulia.

Nikawageukia wazee. Walikuwa wamepanga mstari, mikoba mkononi, wengine wananifahamu tangu nikiwa mtoto wa Melania. Niliwatazama, na kila nilichokuwa nimekiandaa kilinitoka kichwani. Nikawapa maneno niliyowapa wazee siku zote: karibuni, msijione wageni, hapa ni kwenu.

Kisha nikaweka kipaza sauti juu ya meza nikaenda kupanga foleni, maana mwezi huu nami nahakikiwa. Mbele yetu mabomba yalikoroma, na ile harufu ya gunia lililolowa ikatufikia kabla ya maji. Binti mmoja wa mapokezi akapita na sinia. Aliniona nimevaa suti, akasita, akaniuliza kwa adabu kama mimi ni miongoni mwa wageni.

Nilitazama chupa zile zinavyotoa jasho. Nikatazama jina la Shangazi pale juu.

Nikamwambia hapana, mimi ni wa hapa hapa. Akapita na sinia lake, nami nikasogea.